Mashindano ya Sungura na Kobe

1. Hadithi moja, nchi nyingi

Kila mtoto aliyelelewa katika milima ya Usambara amekwisha kusikia habari za Sungura. Jioni, wakati wa baridi ya mwezi wa Juni na Julai, ukungu ushukapo juu ya Gare na kuyafunika mashamba, watu wa nyumbani husogea karibu na moto, na bibi huanza kusimulia. Katika hadithi hizo Sungura ni mdogo wa mwili lakini mwingi wa werevu. Humdanganya Fisi, humchezea Simba, na hata Tembo hawi salama kwake. Walakini yuko mnyama mmoja ambaye Sungura hakumweza kamwe, naye si Simba wala Chui. Ni Kobe, mwenye miguu mifupi na nyumba mgongoni.

Hadithi ya mashindano ya wawili hawa si mali ya nchi moja. Wayunani wa kale waliisimulia, nayo imehesabiwa pamoja na hadithi za Esopo, ambaye husemwa kuwa aliishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Watu wa Ulaya waliitia katika vitabu vya shule. Waafrika nao wana ya kwao, waliyoipokea kwa babu zao kwa mdomo, wala si kwa kitabu. Katika somo hili tutaona jinsi hadithi hii ilivyotoka katika midomo ya wazee ikaingia katika picha zinazokwenda, yaani sinema. Kisha tutaulizana neno moja kubwa: Je, Kobe alishinda kwa haki?

2. Picha ya mwaka 1935

Mwanzo wa mwaka 1935, huko Marekani, karakana ya Walt Disney ilitoa picha fupi iliyoitwa The Tortoise and the Hare, maana yake ni Kobe na Sungura. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Wilfred Jackson. Picha hiyo haikuwa ya watu wala ya wanyama wenye uhai. Kila kitu kilichoonekana ndani yake kilichorwa kwa mkono na kutiwa rangi. Picha za namna hii twaziita katuni. Muda wake ulikuwa kama dakika 8 tu, lakini ilisifiwa sana, ikapewa tuzo ya Academy, ambayo ndiyo heshima kubwa ya watengeneza sinema wa Marekani.

Katika picha hiyo Sungura anaitwa Max, naye Kobe anaitwa Toby. Max anaingia uwanjani kwa majivuno kama bingwa, na watu wote wanampigia makofi. Toby anakuja taratibu, naye anachekwa. Mbio zikianza, Max anatoka kama mshale, hata vumbi linamfunika mwenziwe. Baadaye anaona kwamba Kobe yu mbali sana nyuma, basi anajilaza chini ya mti. Kobe anapita. Max anainuka, anampita tena kwa urahisi, kisha anafika penye shule ya wasichana. Hapo anasimama ili asifiwe. Anaonyesha jinsi awezavyo kupiga mishale, na kucheza mpira peke yake, akiupiga upande huu na kukimbia kuupokea upande wa pili. Wasichana wanashangilia, naye anazidi kujiona.

Wakati huo Kobe anakwenda. Hasimami, hatazami kushoto wala kuume. Mara Max anasikia kelele za watu kutoka mwisho wa njia, anakumbuka mashindano, naye anakimbia kwa nguvu zake zote. Wanakaribia mwisho karibu sawasawa. Ndipo Toby anainyosha shingo yake ndefu, na kichwa chake kinatangulia kuufikia mwisho. Amekwisha kushinda.

Watu walipendezwa hata karakana ile ikatoa picha ya pili mwaka 1936, ambayo ndani yake Max na Toby wanapigana ngumi. Tangu wakati huo wanyama wanaoshindana wamekuwa chakula cha kila siku cha katuni. Mwaka 1940 walitokea Paka na Panya ambao wengi wenu mmewaona, Tom na Jerry, walioanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera. Jambo ni lile lile: mkubwa anamwinda mdogo, na mdogo anamshinda kwa akili. Bibi zetu walilijua jambo hili kabla ya sinema.

3. Jinsi picha iliyochorwa inavyokwenda

Labda mtauliza, Mchoro uliokaa juu ya karatasi unawezaje kukimbia? Kwa kweli haukimbii. Macho yetu na akili zetu ndizo zinazofanya kazi hiyo. Tukionyeshwa picha moja, kisha ya pili inayofanana nayo ila imebadilika kidogo, kisha ya tatu, na zote zikipita upesi sana, hatuzioni tena mojamoja. Twaona kitu kimoja kinachokwenda.

Katika sinema yenye sauti, picha 24 hupita mbele ya macho yetu kwa kila sekunde moja. Haya, fanyeni hesabu. Dakika moja ina sekunde 60. Basi dakika moja ya sinema ina picha 1,440. Dakika 8 zina picha 11,520. Mara nyingi wachoraji hupunguza kazi kwa kuutumia mchoro mmoja mara mbili, hivyo michoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Hata hivyo ni kazi ya maelfu ya michoro ili Sungura na Kobe wamalize mashindano yao.

Zamani kazi hiyo ilifanywa hivi. Mchoraji alichora kwa penseli juu ya karatasi. Mwingine alinakili mistari ile kwa wino juu ya kipande cha selulodi, ambacho ni kitu chembamba na angavu kama kioo. Wa tatu alikigeuza na kutia rangi upande wa nyuma. Kipande kile kiliwekwa juu ya picha ya miti na njia, iliyochorwa mara moja tu. Na kwa kuwa selulodi ni angavu, miti ilionekana nyuma ya Kobe. Ndipo kamera ilipiga picha moja. Kipande kiliondolewa, kingine kikawekwa, ikapigwa picha ya pili. Na hivyo hivyo, siku baada ya siku. Katika siku zetu kompyuta imechukua sehemu kubwa ya kazi hii, lakini kanuni ni ile ile.

Angalieni ajabu hii: Sungura mwepesi wa picha ile alitengenezwa kwa mwendo wa Kobe. Watu wale walikwenda mchoro kwa mchoro, bila kuruka hata mmoja, na kwa saburi hiyo wakapata mbio zinazowastaajabisha watu mpaka leo.

4. Hadithi kama isimuliwavyo Afrika

Sasa sikieni mashindano kama yanavyosimuliwa katika nchi nyingi za Afrika.

Siku moja Sungura alimkuta Kobe njiani, akamcheka, akasema, "Bwana Kobe, ukiondoka leo kwenda sokoni, nadhani utafika wajukuu zako wamekwisha kuoa." Kobe akajibu, "Ndugu yangu, usinidharau. Kama wataka, tushindane. Lakini unipe siku saba nijiweke tayari." Sungura akacheka mpaka akaanguka, akakubali. Wakapatana kwamba watatoka mtoni na kupanda mpaka juu ya kilima, penye mti mkubwa.

Katika siku zile saba Kobe hakufanya mazoezi ya kukimbia. Alikwenda kwa jamaa zake, mke na watoto, ndugu na wakwe, akawapanga njia nzima. Katika kila pindi ya njia kobe mmoja alijificha majanini, na wa mwisho alikaa chini ya mti ule juu ya kilima. Yeye mwenyewe alibaki mtoni.

Siku ikawadia, mbio zikaanza. Sungura alikimbia, na alipofika pindi ya kwanza akaita kwa dhihaka, "Kobe, uko wapi?" Sauti ikajibu kutoka mbele yake, "Nipo, ndugu, nakungoja." Sungura akashangaa, akazidisha mbio. Pindi ya pili akaita tena, na sauti ikajibu mbele yake vile vile. Ikawa hivyo kila pindi, hata pumzi zikamwishia. Alipofika juu akihema, ulimi nje, akamkuta Kobe chini ya mti, ametulia, hana hata jasho. Sungura akaona haya, akaenda zake. Hakujua kwamba kobe wote hufanana.

Wengine humsimulia Kinyonga mahali pa Kobe, yule Kinyonga ambaye ninyi wa milima hii mwamfahamu sana. Wao husema kwamba alimshika mwenziwe mkia kwa siri, akachukuliwa mpaka mwisho. Mshindani wake alipotaka kuketi kitini, Kinyonga akapiga kelele, "Usinikalie! Mimi nimetangulia!"

Tena iko hadithi nyingine iliyoandikwa zamani kwa Kiswahili. Padre Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alikusanya hadithi huko Unguja, na kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka 1870. Ndani yake imo habari ya Sungura na Simba. Sungura anamchukua Kobe waende wakale asali ya Simba bila kumwambia kwamba ni ya Simba. Simba anapokuja, Sungura anatoroka, Kobe anakamatwa. Simba hajui jinsi ya kumla kwa sababu ya gamba lake. Kobe anamwambia amtie matopeni na kumsugua mpaka gamba litoke. Simba anasugua na kusugua mpaka ngozi ya vitanga vyake inachubuka, na Kobe amekwisha kwenda zake.

5. Je, Kobe alishinda kwa haki?

Hapa ndipo penye neno la kufikiri. Tunao Kobe watatu. Wa kwanza, yule wa picha ya Marekani, alishinda kwa kutosimama. Wa pili, yule wa njia ya kilima, alishinda kwa kuwaficha jamaa zake. Wa tatu alimdanganya Simba ili aokoe roho yake. Je, wote watatu ni sawa?

Tuanze na yule wa tatu. Simba alitaka kumla, wala hapakuwa na mapatano yo yote kati yao. Mnyonge aliyeshikwa na mwenye nguvu hana silaha ila akili yake, na watu wengi watasema kwamba Kobe huyo hana lawama. Hadithi zetu nyingi ni za namna hiyo. Zilisimuliwa na watu waliojua maana ya kuonewa, nazo ziliwafariji wadogo kwa kuwaambia, Nguvu si kitu cho chote pasipo akili.

Lakini Kobe wa pili alipatana na Sungura. Walisema, Tutakimbia. Yeye hakukimbia hata hatua moja. Wako watakaomtetea. Watasema kwamba Sungura alianza kwa dharau, tena kwamba jamaa wa Kobe walisaidiana, na umoja ni nguvu. Maneno hayo si bure. Dharau ni mbaya, na kusaidiana ni kwema. Hata hivyo, kila kobe aliyejibu "Nipo" alisema uongo, na mti ule juu ya kilima haukufikiwa na yule aliyeahidi kuufikia. Mwanafunzi ambaye ndugu yake amemwandikia majibu ya mtihani amefanya kama Kobe huyo. Atapata cheti, lakini siku atakayotakiwa kufanya kazi mwenyewe, ataonekana kwamba yungali mtoni.

Basi je, tumsifu Kobe wa kwanza tu? Ndiyo, lakini kwa uangalifu. Msidhani kwamba upole wa mwendo ndio uliompa ushindi. Kama Sungura asingalicheza njiani, Kobe asingalishinda. Jambo hili ni dhahiri. Basi aliye mzito wa kujifunza asikae akingoja mwenziwe mwepesi ajisahau, kwa maana si kila Sungura hulala. Sifa ya Kobe ni hii: nafasi ilipopatikana, ilimkuta njiani. Kama angalikata tamaa mapema na kurudi nyumbani, usingizi wa Sungura usingalimfaa kitu.

Naye aliye mwepesi apate onyo. Mungu amempa miguu ya mbio, wala hakumpa ili asifiwe penye kila nyumba. Wazee husema, Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtume Paulo naye aliyafananisha maisha ya Mkristo na mashindano ya mbio, naye aliwaonya watu wajizuie katika yote.

6. Sinema katika milima ya Usambara

Mwaka ule ule wa 1935, Max na Toby walipokuwa wakishindana Marekani, kazi ya sinema ilianza katika milima yetu wenyewe. Baraza la Kimataifa la Wamisioni lilianzisha jaribio la kutengeneza picha za kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York. Makao ya kazi yalikuwa Vugiri, katika Usambara, upande wa Korogwe. Waliosimamia walikuwa Waingereza wawili, Bwana Notcutt na Bwana Latham. Mpaka mwaka 1937, jaribio lilipokwisha, picha 35 hivi zilikuwa zimetengenezwa.

Picha hizo zilichukuliwa kwa motakaa, zikaonyeshwa usiku katika nchi mbalimbali. Maneno yake yalitiwa katika sahani za santuri, yakasemwa kwa lugha za watu. Nyingi zilifundisha ukulima, afya na kuweka akiba. Moja ilionyesha faida ya kuweka fedha katika Benki ya Akiba ya Posta, na hasara ya kuzizika ardhini mahali ambapo mwizi aweza kuzifukua. Waona, hata hapa wako wawili wanaoshindanishwa, mwenye busara na mpumbavu, kama Kobe na Sungura.

Ni vema kukumbuka kwamba mafundisho yale yalichaguliwa na wageni waliotawala nchi au waliofanya kazi pamoja na watawala. Mengine yalikuwa ya faida. Mengine yalimwonyesha mwenyeji kana kwamba hakujua kitu mpaka alipofundishwa. Basi kila mtazamapo picha, iwe ya zamani au ya leo katika simu, ulizeni maneno matatu: Ni nani aliyeitengeneza? Alitaka niamini nini? Je, ni kweli? Atazamaye bila kuuliza ni kama Sungura yule aliyesikia sauti mbele yake asitazame majanini.

7. Wachoraji wa kwetu

Kwa muda mrefu watoto wa Afrika ya Mashariki walitazama wanyama waliochorwa mbali. Baadaye wanyama wa hadithi zetu walianza kupata wachoraji wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanganyika, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Huko alichora wanyama kwa rangi kali juu ya mbao nyembamba, akawafundisha wengine mpaka alipofariki mwaka 1972. Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa katuni iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa kufuata namna yake. Ina hadithi 52, zieleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo. Tena kutoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, zimekuja katuni za Ubongo Kids, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Lakini mchoraji hawezi kuchora hadithi asiyoisikia. Hadithi iliyo kwa bibi peke yake, kwa Kishambaa safi, haimo katika kitabu wala katika sinema. Akifa yeye nayo imekufa. Ninyi mnaojua kuandika mna kazi ambayo wazee hawakuwa na njia ya kuifanya. Ulizeni, sikilizeni, andikeni. Msifanye haraka, ukurasa kwa ukurasa, kama Kobe.

Maneno ya kukumbuka

Karakana: nyumba ya kazi ya mafundi.
Selulodi: kitu chembamba na angavu kilichochorwa picha za katuni zamani.
Pindi ya njia: mahali njia inapopinda.
Santuri: chombo cha kupigia sahani zenye sauti.
Saburi: uvumilivu wa kungoja au kutenda bila kuchoka.

Maswali

1. Max alisimama njiani mara ngapi, na kwa sababu gani?
2. Katuni ya dakika 5 ina picha ngapi, ikiwa picha 24 hupita kwa sekunde moja? Ikiwa kila mchoro umetumiwa mara mbili, ni michoro mingapi?
3. Eleza tofauti kati ya Kobe aliyemdanganya Simba na Kobe aliyewaficha jamaa zake.
4. "Umoja ni nguvu." Je, mithali hii yatosha kumtetea Kobe wa kilima? Darasa ligawanyike pande mbili, kila upande useme hoja zake, kisha mwalimu aamue.
5. Vugiri iko wapi, na kazi gani ilifanyika huko tangu mwaka 1935 hata 1937?

Kazi ya mikono

Kata vipande 24 vya karatasi ngumu vilivyo sawa, uvishone upande mmoja kuwa kijitabu. Katika ukurasa wa mwisho chora Kobe upande wa kushoto. Katika ukurasa ulio juu yake mchore tena, lakini umsogeze kuume kidogo tu, na mguu mmoja uuinue. Endelea hivyo mpaka ukurasa wa kwanza. Kisha kishike kijitabu kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili uziachie kurasa upesi, ukianzia nyuma. Utamwona Kobe wako akitembea. Akirukaruka ovyo, ujue umefanya haraka. Rudi ukachore upya.

Kazi ya nyumbani

Mwombe babu au bibi akusimulie hadithi moja ya wanyama. Iandike kwanza kwa lugha aliyoisema, kisha kwa Kiswahili. Andika pia jina la kijiji chako na tarehe uliyoisikia.